Maswali ya wasomaji: amplifaya ya tyubu, nichukue kubwa au ndogo?

SWALI: Kaka fundi, shikamoo. Napiga gitaa la solo, bendi yetu ni ya watu wanne na mpiga dramu ana mkono mzito balaa. Nimejichanga nanunua amplifaya moja tu ya tyubu (zile zenye taa za kioo ndani zinazokuza sauti), na zilizopo mbele yangu ni mbili, zote zimeshatumika na bei zinakaribiana. Moja ni hedi (amplifaya isiyo na spika ndani) ya wati 100 na kabati lake la spika nne, nyingine ni kombo (amplifaya na spika kwenye boksi moja) ya wati 15 yenye spika moja ya inchi 12. Nyumbani nafanyia mazoezi chumbani, jirani tunatenganishwa na ukuta tu. Wenzangu wanasema chukua kubwa, voliumu utapunguza mwenyewe, ndogo huwezi kuiongeza ikifika mwisho. Ni kweli? (Mpiga solo niliyechanganywa na wati)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Wenzako wamesema nusu ya ukweli, na hiyo nusu nyingine ndio inayowafanya watu wauze amplifaya baada ya miezi miwili.

Tuanze na wati maana hapo ndipo watu wengi wanapigwa. Wati 100 haina maana ya kelele mara saba kuliko wati 15. Sikio halihesabu hivyo. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu za ukubwa wa sauti, ambazo unazisikia ndiyo ila siyo kitu cha kushtua, na ili mtu aseme "hii sasa inalia mara mbili ya ile" unahitaji kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Sasa chukua hizo zako mbili: kutoka 15 mpaka 100 ni desibeli 8 na ushee, kwa hiyo hilo dude kubwa halifiki hata mara mbili ya sauti ya hiyo kombo, ukiacha habari ya spika ambayo nakuja nayo.

Kwa hiyo wati za ziada unalipia nini? Unalipia usafi. Kila amplifaya ya tyubu ina mahali ambapo sauti inaacha kuwa klini inaanza kupasuka, na wati nyingi zinapasogeza mahali hapo mbele zaidi. Fender Twin Reverb kwa mfano, wati 85, tyubu nne za 6L6 na spika mbili za inchi 12, inapendwa na watu wanaotaka kila noti isikike imenyooka hata bendi ikichachamaa. Deluxe Reverb ya haohao Fender ina wati 22 na tyubu mbili za 6V6, ukiifikisha katikati na dramu zinalia imeshaanza kukwaruza, na kuna watu wanainunua kwa sababu ya huo mkwaruzo. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: dramu zikipigwa kwa nguvu zote, mi nataka gitaa langu liwe klini au liwe limepasuka kidogo? Hujaniambia, na hilo ndilo linaamua karibu kila kitu.

Kuhusu "utapunguza mwenyewe". Sauti inapasuka kwenye sehemu tofauti, kuna tyubu ndogo za mwanzo, zile 12AX7, halafu kuna tyubu kubwa za mwisho zinazosukuma spika, na spika yenyewe nayo inachangia. Ule utamu ambao watu wanausifia, wa noti kujikaza na kulegea kufuatana na mkono wako, kwa sehemu kubwa unatoka kwenye zile za mwisho zikifanyishwa kazi. Hedi ya wati 100 ukiiweka voliumu kwenye moja na nusu chumbani, tyubu zake nne za mwisho zimelala. Kama ina masta voliumu (kitufe cha pili kinachobana sauti ya mwisho) utapata mkwaruzo wa tyubu ndogo, sawa, unatosha kwa mitindo mingi tu ya kisasa, mi siudharau, ila ni mkwaruzo mwingine.

Lakini pia usidhani hiyo ya 15 ndio itakuwa rafiki wa jirani. Spika ya gitaa ya kawaida ukiipa wati 1, moja tu, inatoa kama desibeli 97 mpaka 100 ukiipima mita moja mbele yake. Hata amplifaya ya wati 5 ikisukumwa mpaka ipasuke chumbani ni ugomvi. Halafu kuna jambo ambalo watafiti Fletcher na Munson walilionyesha tangu 1933, kwamba sauti ikiwa ndogo masikio yetu yanapoteza besi kuliko sauti za kati, ndio maana gitaa lililosikika nene jukwaani linasikika jembamba nyumbani hata kama hujagusa kitu. Hamna amplifaya ya kutibu hilo, ongeza besi kidogo ukiwa nyumbani halafu irudishe ukienda kwa wenzako.

Sasa spika. Spika ya Celestion Greenback inasomeka desibeli 98 kwa kipimo kilekile cha wati 1, Vintage 30 ya haohao ni 100. Tofauti ya desibeli 3 kati ya spika na spika ni sawa na kuzidisha wati zako mara mbili bila kugusa amplifaya, kwa hiyo kombo ya wati 15 yenye spika ya 100 inakwenda sambamba na ya wati 30 yenye spika ya 97. Watu wanabishana wati usiku kucha na hawajawahi kusoma kilichoandikwa mgongoni mwa spika! Wewe geuza hiyo kombo usome, na angalia pia spika inabeba wati ngapi, maana amplifaya ya 15 ikibanwa mpaka ipasuke inatoa zaidi ya 15, mi napenda spika ibebe angalau mara mbili. Kabati la spika nne kweli linasukuma hewa zaidi na besi yake unaisikia kifuani, hilo silipingi.

Hizi za wati 100 zilikuja miaka ya 1960 kwa sababu yake. Gitaa lilikuwa halipitishwi kwenye spika za ukumbi, kilichosikika ni kile kilichotoka kwenye amplifaya yako basi. Beatles walitengenezewa Vox za wati 100 kwa ajili ya mayowe ya mashabiki, na The Who ndio walikuwa wanamsumbua mtengeneza amplifaya Jim Marshall awape kubwa zaidi. Leo unaweka maiki mbele ya spika, inakwenda kwenye miksa, na ukumbi mzima unasikia. Na studio ndio kabisa, Eric Clapton mwaka 1970 alirekodi Miami na Fender Champ, wati 5 na spika ya inchi 8, na hakuna msikilizaji aliyelalamika.

Kwa hiyo kama mnapopiga kuna maiki na miksa, chukua ya 15 na usigeuke nyuma. Kama hamna maiki na unataka klini kabisa juu ya huyo mpiga dramu wako, ya 15 itakuangusha, lakini hata hapo nisingekwenda 100, ningetafuta ya 30 mpaka 50 na ningesubiri kidogo. Kumbuka pia hedi kubwa ina tyubu nne za kubadilisha badala ya mbili, na nyingi zinahitaji fundi arekebishe bayasi (umeme unaopita kwenye tyubu zikiwa zimetulia) zikiwekwa mpya. Ukienda kujaribu, hakikisha spika imechomekwa kabla ya kuwasha, amplifaya ya tyubu bila spika inaweza kuunguza transfoma ya kutolea sauti, na hiyo ndiyo bei yenyewe.

SWALI: Ninayo ya wati 100 tayari, tyubu nne za EL34. Kuna mtu kaniambia nichomoe mbili ili iwe ndogo. Nichomoe? (Mwenye mzigo)

JIBU: Inawezekana kwa nyingi za aina hiyo, lakini unatoa moja kila upande, aidha mbili za nje au mbili za ndani, na kama kabati lako ni la omu 8 (kipimo cha ukinzani wake kwa umeme) unaweka swichi ya omu ya amplifaya kwenye 4. Zile zinazojirekebishia bayasi zenyewe (bayasi ya kathodi), kama Vox AC30, usiziguse kwa mtindo huu. Na baada ya yote hayo umepunguza desibeli 3, jirani hata hatajua kama kuna kilichobadilika. Kama shida ni kelele tafuta atenueta, inakaa kati ya amplifaya na spika na inameza nguvu nyingi, iwe ya omu zinazolingana na iweze kubeba wati zako zote. Usiifungue amplifaya mwenyewe, kapasita zinashikilia mamia ya volti hata ukishachomoa umeme.

SWALI: Amplifaya yangu ni ndogo tu, wati 20, lakini masikio yanalia kila tukimaliza mazoezi wakati mi mwenyewe sijisikii nikiwa napiga. Inakuwaje? (Masikio)

JIBU: Iko sakafuni, siyo? Basi inapigia magoti yako, na wenzako waliosimama mbele ndio wanaumia. Inyanyue au iinamishe iangalie kichwa chako, utajikuta unapunguza voliumu mwenyewe. Na nunua vizibo vya masikio vya wanamuziki. Kipimo kinachotumika sana ni desibeli 85 kwa masaa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu, kwa hiyo kwenye 100 una robo saa. Mazoezi yenu ni ya muda gani?