Kabla hujachomeka mbegu ya mkoko, uliza kwa nini hapo pako wazi

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kurejesha mikoko,

Julai 26, siku ya mikoko duniani, imepita na simu yangu imejaa picha zenu. Fulana mpya, mgeni rasmi kavaa mabuti ya mvua, miche imepangwa kwa mistari iliyonyooka. Nimefurahi kuwaona, kusema kweli. Kisha nikaikuza picha moja kuangalia mnapanda wapi, roho ikaniuma: mbegu za mkoko zimechomekwa kwenye mchanga ulio wazi, mbele kabisa ya mililana, ile jamii ya mikoko inayokaa baharini kuliko zote, mahali ambapo mawimbi hayapumziki. Zisipong'olewa zitagandwa na vigamba, vile viumbe vya baharini vyenye gamba gumu, mpaka zilemewe. Mwakani mtaomba fedha za kupanda tena palepale.

Haya ninayaeleza kila msimu kwa mdomo. Safari hii nayaandika.

1. Mikoko ni jamii nyingi za miti, na mkoko wenyewe ni mmoja tu kati yake. Kila mti una mahali pake. Mlilana hukaa mbele baharini, nyuma yake mkoko, muia, mkandaa, na msikundazi unautafuta kule maji baridi yanakoshukia. Mchu unaukuta pande mbili, mbele kabisa na nyuma kabisa karibu na nchi kavu, kwa sababu unavumilia chumvi kuliko wenzake. Lamba jani lake asubuhi utaionja. Haya yote mnayajibu vizuri kwenye mtihani. Mkifika matopeni mnachomeka mkoko kila mahali, kwa kuwa mbegu yake ni ndefu, inaokoteka kirahisi na haihitaji kiriba, yaani mfuko wa kuoteshea miche. Sri Lanka walipanda kwa wingi baada ya tsunami ya 2004, na sehemu kubwa ya miche ikafa kwa kuwekwa pasipofaa. Nia yao ilikuwa njema kama yenu.

2. Chukua mbegu iliyokomaa, yenye shingo ya njano chini ya tunda, na uchomeke theluthi yake tu.

3. Jueni bamvua, siku maji yanapojaa na kukupwa sana, na maji mafu, siku yanaposogea kidogo tu, kabla hamjajua GPS. Pwani yetu maji ya bamvua hupanda na kushuka karibu mita nne, na siku ya maji mafu eneo la juu linaweza lisiguswe kabisa. Ukipima eneo siku moja tu, umepima siku hiyo, hujapima eneo. Na tafadhali, tarehe ya mgeni rasmi ipangwe baada ya kusoma jedwali la maji. Nimewahi kuona msafara mzima wa magari ukisubiri ufukweni huku eneo la kupanda liko chini ya maji, na mheshimiwa akaishia kupanda mwarobaini uani kwa mwenyekiti wa kijiji.

4. Uliza kwa nini mahali pako wazi. Hapa mnivumilie, nitaongea kwa kirefu, maana hili lilinifundisha kazi.

Nilipokuwa mgeni kazini kama ninyi, nilikabidhiwa eneo nyuma ya mashamba ya chumvi yaliyotelekezwa. Lilikuwa jeupe, tambarare, limezungukwa na visiki vya mikandaa iliyokufa. Nikaona nafasi. Nikachora ramani, nikapanga mistari, nikaita kikundi cha akina mama ambao walikuwa wamekusanya mbegu kwa kuzama kwenye tope mpaka kiunoni. Tukiwa tunapanda, mama mmoja aliinuka, akashika kiuno, akatazama huku na huku. "Mwanangu, mbona hapa hata kaa hayupo?" Nikamjibu kwamba kaa watakuja miti ikishaota. Akainama akaendelea na kazi, kwa heshima tu.

Kilipoingia kipindi cha kaskazi na jua lake, majani yakaanza kukauka kuanzia nchani. Miche ikakatika mmojammoja. Na mimi, badala ya kusimama na kufikiri, nikaandika kwenye ripoti kwamba "panahitajika kujaziwa", nikawaita akina mama walewale, tukapanda tena mahali palepale. Ikafa tena. Kundi la pili ndilo linaloniuma mpaka leo, kwa sababu la kwanza ningeweza kusema sikujua.

Jibu lilikuwa kwenye swali la yule mama. Kaa wa mikokoni ndio wanaolima lile tope. Mashimo yao huingiza hewa na maji chini, chumvi huoshwa, na majani wanayovuta ndani huoza na kuwa chakula cha wadudu na minyoo, nao ni chakula cha kamba na samaki wadogo. Pasipo na shimo hata moja la kaa, udongo wenyewe umeshakata uhai. Tulipokuja kupima maji ya kwenye tope, chumvi ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya baharini. Tuta la zamani la chumvi lilikuwa limeziba kijito kilichokuwa kikilisha eneo lote. Bamvua kubwa ilipofurika juu ya tuta, maji yaliingia yakakosa pa kutokea, yakakaukia humo. Kila mwezi chumvi iliongezeka juu ya chumvi. Mikandaa ile ya zamani haikukatwa na mtu. Iliuawa na tuta, na mimi nikapanda watoto wake kwenye kaburi hilohilo.

Dawa yake haikuwa miche. Tuliomba kibali, tukalikata tuta mahali kijito kilipopita zamani, tukachimbua mkondo kwa majembe na makoleo. Maji yakawa yanaingia na kutoka. Kwanza wakarudi kaa. Halafu mbegu za mchu zikaja zenyewe na maji, zikajiotea bila mstari wala mgeni rasmi. Sisi tulichopanda baadaye ni mikandaa michache kwenye kingo. Nilikwenda kwa akina mama kuomba radhi, wakanipokea, lakini walitaka kwanza kujua safari hii nimepima nini. Walikuwa na haki.

5. Tazameni pia juu mtoni. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo wa bara mpaka kijito cha Mwache, Mombasa, ukafukia mizizi ya kupumulia, miti ikafa ikiwa imesimama. Hakuna aliyeigusa kwa shoka. Mti unapumua kwa mizizi ile, ukiifukia umeuziba pua. Na kule delta ya Rufiji, kwenye msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko Afrika Mashariki, mikoko inafyekwa ili kulima mpunga. Ukienda kuhubiri miche huko bila kuongea na wakulima habari za chakula, unapoteza nauli.

6. Anayekata boriti msimwite adui kabla hamjamuuliza anajengea nini na anapika kwa nini. Watu wa Gazi, pwani ya Kenya, kwenye mradi wa Mikoko Pamoja, wanalinda hekta 117 za mikoko na kuuza kaboni yake, yaani wanalipwa kwa hewa ya ukaa ambayo miti hiyo inaihifadhi, fedha zinakwenda kwenye maji na shule, na wamepanda pia miti ya kujengea na kuni nchi kavu. Bila hiyo miti ya nchi kavu, ulinzi ungehamishia shoka kijito cha pili tu.

7. Kwenye ripoti andikeni idadi iliyo hai, na si iliyopandwa. Mfadhili akisisitiza ya pili, mpeni zote mbili kwenye mstari mmoja.

Sasa lile eneo la kwenye picha. Msiongeze mbegu. Bamvua ijayo nitakuja. Tutakwenda maji yakiwa yamekupwa, tuhesabu mashimo ya kaa kuanzia mililana mpaka nchi kavu, tufuate vijito vyote mpaka tujue ni kipi kimezibwa. Leteni kipima chumvi, koleo na mtu wa kikundi cha wavuvi anayepita hapo kila siku. Miche ibaki kitaluni, na mtu aimwagilie.