Usinunue Dagaa Siku ya Safari

Wifi yangu anaishi Dodoma. Mwaka juzi alikuja kututembelea hapa Kigoma, akakaa siku tano, akala migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, mpaka akaomba apikiwe maharage. Siku ya kuondoka ndipo akakumbuka kwamba hajanunua zawadi hata moja. Akashuka kwenye bajaji karibu na stesheni, akanunua dagaa kwa mtu wa kwanza aliyemwona, akapanda treni. Siku chache baadaye akanitumia picha ya sufuria. Dagaa alikuwa ameshawaloweka na kuwatoa. Kilichobaki chini ya maji kilikuwa mchanga, na si wa kuhesabu punje. Akaniandikia: "Wifi, nyumbani kwenu hiki ndicho mnachouza?"

Mimi ni mzaliwa wa Ujiji na sasa naishi Mwanga, hapahapa mjini Kigoma, kwa hiyo aibu ile niliichukua kama yangu, ingawa aliyemuuzia simjui. Tangu hapo kila mgeni anayefikia kwangu namshika mkono siku ya pili, hata kama bado ana uchovu wa safari, tunaanza kununua. Kigoma ina vitu vingi vya kubeba, lakini karibu vyote vina siku yake na mahali pake. Ukivisubiri mpaka saa mbili kabla ya treni, utauziwa vilivyokataliwa na wenyeji.

Tuanze na hao dagaa, maana ndio kila mtu anaagizwa.

Nenda Kibirizi, mwaloni, yaani ufukweni inakofikia mitumbwi ya wavuvi, kaskazini ya mji, kulekule zinakopatikana boti za kwenda hifadhi ya Gombe. Nenda asubuhi. Dagaa wetu huvuliwa usiku kwa taa. Ukikaa ufukweni giza likishaingia utaona ziwani taa nyingi, utadhani kuna mji mwingine umejengwa juu ya maji. Alfajiri mitumbwi inarudi, kina mama wananunua mzigo mbichi na kwenda kuanika. Hapo ndipo mambo yanapoachana. Wapo wanaowatandaza chini mchangani, na wapo wanaowaanika kwenye vichanja vya nyavu vilivyoinuliwa juu ya ardhi. Dagaa wa mchangani hukaukia mchanga mwilini, na hakuna kupepeta kunakoutoa wote. Wa chanja ni ghali zaidi kidogo, na watu wengi wanakimbilia wa bei ya chini bila kufikiri kwamba mchanga nao unapimwa kwenye mzani.

Usione haya kuuliza. Ukifika asubuhi anza na "Mwakeye", hiyo ni salamu ya Kiha na inalainisha mambo mengi. Halafu uliza: "Mama, hawa wa chini au wa chanja?" Muuzaji mzuri haudhiki. Juzi mmoja alinijibu, "Mwanangu, hawa wa chini, sikudanganyi. Wa chanja wako kwa yule mwenye kilemba cha njano." Nikanunua kwa mwenye kilemba, lakini yule wa kwanza ndiye nitakayemrudia siku nyingine.

Kuwajaribu ni rahisi. Chukua konzi moja, wasugue taratibu viganjani juu ya karatasi, uone kinachodondoka. Kisha tafuna mmoja, na usimmeze haraka. Meno ndiyo yanayojua mchanga kuliko macho. Angalia rangi pia. Dagaa mzuri bado anang'aa kifedha na ni mzima kuanzia kichwa hadi mkia. Akishaanza kuwa wa manjano yenye wekundu, mafuta yake yameanza kuharibika, na ukimpika utaisikia harufu jirani kabla yako. Wakiwa vipandevipande wamekaa sana gunia hadi gunia. Masika kuwa mwangalifu zaidi, kwa sababu mvua ikinyesha mzigo ukiwa umeanikwa, unaweza kuuziwa waliokauka nje na kuoza ndani.

Sikuandikii bei kwa makusudi. Bei ya dagaa inafuata mwezi. Mbalamwezi ikiwa kali taa za wavuvi hazina kazi kubwa, kwa sababu samaki hawakusanyiki kwenye mwanga kama wanavyokusanyika usiku wa giza, hivyo wavuvi hupumzika siku kadhaa na bei hupanda. Unachokikuta sokoni siku hizo ni mzigo wa zamani. Mimi nikijua nina mgeni, naangalia mwezi kabla ya kuangalia ratiba ya treni. Halafu kuna kufungwa kwa ziwa: mwaka 2024 Tanzania na nchi jirani zinazolizunguka Ziwa Tanganyika zilisimamisha uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane. Ukija katika miezi hiyo uliza kwanza kama ziwa liko wazi. Atakayekuambia dagaa wake ni wa jana wakati ziwa limefungwa, mwache na uongo wake.

Migebuka ya kukaushwa kwa moshi husafiri vizuri ikifungwa kwenye gazeti na kuwekwa juu ya mizigo mingine. Kuhe, samaki mwingine wa ziwa letu, mle hapahapa.

Sasa mawese, ambayo yamenitia hasara kuliko kitu kingine chochote.

Kama unatoka sehemu wanakopika kwa mafuta ya alizeti tu, jaribu kwanza kabla ya kununua: omba upikiwe sombe, yaani kisamvu, kwa mawese na dagaa ndani yake. Ukipenda, nunua. Usipopenda, usimbebee mtu kwa kuwa ni maarufu tu. Mawese ya sokoni Mwanga si mabaya, lakini nikipata nafasi naenda vijijini, njia ya Simbo, ambako michikichi imejaa pande zote za barabara na unakuta watu wanakamua. Ukiona kazi yenyewe utaelewa kwa nini dumu moja linatofautiana na lingine. Mikungu hukatwa, ikaachwa kidogo ili chikichi ziachie, zikachemshwa, zikapondwa na kukamuliwa, kisha mafuta yakachemshwa tena ili maji yatoke. Chikichi zikiachwa siku nyingi mno kabla ya kuchemshwa, mafuta yanakuwa makali na yanakwaruza koo. Na maji yasipotolewa vizuri, umenunua maji kwa bei ya mafuta.

Kupima maji: mwombe muuzaji apashe kijiko kimoja jikoni. Mafuta safi yatatulia, yatatoa harufu yake nzito ya kupendeza. Yenye maji yatachachatika na kuruka. Usishtuke ukiona dumu limegawanyika, chini mazito kama uji na juu majimaji mekundu. Hiyo ni tabia ya mawese baridi ikiingia, hayajachakachuliwa. Yatikise au yaanike juani kidogo. Wifi yangu huyohuyo aliwahi kumwaga yale ya chini akidhani ni machicha. Nililia kwa niaba yake.

Hasara yangu ilikuwa kwenye basi. Nilijaza dumu la lita kumi hadi shingoni, nikakaza kifuniko kwa nguvu zangu zote, nikalipeleka kwenye buti. Barabara ina joto, mafuta yanatanuka, na dumu lililojaa hadi shingoni halina pa kuyapeleka. Tulipofika, begi la mama mmoja aliyekuwa anakwenda kwenye harusi ya mdogo wake lilikuwa limegeuka rangi ya machungwa, na gauni la sherehe lilikuwa ndani. Mawese hayatoki kwenye nguo, tusidanganyane. Nilimlipa kile nilichokuwa nacho na nikasema samahani kuanzia stendi hadi alipopanda teksi. Tangu siku hiyo naacha nafasi ya vidole vinne juu, naweka kipande cha nailoni mdomoni mwa dumu kabla ya kifuniko, nazungushia gundi ya karatasi, kisha dumu lote linakaa ndani ya ndoo yenye mfuniko. Kwa ndege usihangaike, nunua sabuni ya mawese badala yake. Ni nzito, haina marashi, lakini inatakatisha na haimwagiki.

Vitenge ni habari ndefu na mimi si mtaalamu, ila nimeshaibiwa mara za kutosha kuwa na maoni. Watu wanakuja wakiulizia "kitenge cha Kongo". Kweli bandari yetu inatazamana na Kongo ng'ambo ya ziwa, na Burundi iko karibu, na biashara ya nguo kati ya pande hizi ni ya miaka mingi. Lakini kitenge kuvuka ziwa hakukifanyi kuwa kizuri. Niliwahi kununua pisi ya yadi sita katika duka moja zuri lenye vioo na kiyoyozi, kwa bei ya duka lenye vioo na kiyoyozi. Kuosha mara ya kwanza, beseni likawa la buluu na kitenge kikawa cha kijivu. Siku hizi nakigeuza kwanza: kitenge cha nta halisi kinafanana pande zote mbili, rangi imepenya. Kile ambacho upande wa nyuma umepauka kimechapwa juu tu. Nakifikicha kwenye kidole kilicholowa mate, muuzaji akinuna na anune. Nakikunja kwa nguvu. Kama unga unadondoka, ulaini unaouona ni wanga, utaondoka na maji.

Na kama una siku mbili au tatu, usibebe kitambaa kitupu. Mpelekee fundi cherehani barazani, akupime, ushone hapahapa. Lakini kadiria vizuri: fundi akikuambia "njoo kesho jioni", panga safari yako kesho kutwa.

Kuna binti mmoja, rafiki wa mwanangu, alitutembelea akaniuliza kwa adabu, "Shikamoo mama, duka la chokoleti za kutengenezwa kwa mikono liko wapi?" Nilicheka kwanza, halafu nikafikiri. Kakao ya Tanzania inalimwa Kyela na huko Kilombero, mbali sana na hapa, na kwa joto letu chokoleti ingefika stesheni ikiwa uji. Lakini swali lake halikuwa la kipuuzi. Alichokuwa anataka ni kitu kitamu, cha mkono wa mtu, cha mahali hapa. Nikampeleka Ujiji jioni, tukakaa barazani tukanywa kahawa chungu kwenye vikombe vidogo, na kashata ya karanga pembeni. Kashata ikiwa kavu sawasawa inakaa siku nyingi kwenye kopo. Akanunua kopo zima. Kesho yake tukatafuta na kahawa yenyewe. Milima ya Kalinzi, njia ya kwenda Manyovu, inalima kahawa aina ya arabika, na watu wengi wanaotembelea Kigoma wanaondoka bila kulijua hilo. Kitu pekee cha kuuliza ni imekaangwa lini. Kama muuzaji hajui, chukua isiyokaangwa ukaikaange mwenyewe kwenye kikaango kizito. Itakaa muda mrefu zaidi.

Ukiwa Ujiji tayari, makumbusho ya Livingstone yako hapohapo, pale alipokutana na Stanley mwaka 1871. Nenda ukaone, lakini si mahali pa kwenda kwa ajili ya manunuzi.

Wanaosafiri kwa treni wana bahati ambayo wa ndege hawana, kwa sababu reli yenyewe ni soko. Uvinza nunua chumvi. Maji ya chumvi ya pale yamekuwa yakichemshwa na watu tangu karne nyingi kabla ya reli kufika Kigoma mwaka 1914, na chumvi hiyo haiharibiki njiani hata ukiikalia. Tabora nunua asali, ila hapo pia kuna uongo mwingi wa kupima. Njiti ya kiberiti, tone kwenye karatasi, sisimizi wanaokataa kuisogelea, yote hayo nimeyajaribu na hayakunisaidia. Na asali iliyoganda isikutishe, kwani asali halisi huganda. Mimi namuuliza muuzaji kama imechujwa tu au imechemshwa, naionja, nainusa. Ile yenye harufu ya moshi mkali na vipande vya masega na majana imekamuliwa kwa pupa. Ukipitia mji wa Tabora wenyewe na una muda, tafuta asali ya nyuki wadogo wasiouma. Ni nyepesi, ina uchachu kidogo, na wengi wanaiweka kama dawa ya kikohozi.

Njoo na kikapu chako. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019 na muuzaji hana wajibu wa kukutafutia kifungashio. Dagaa wanapenda kiroba safi kinachopitisha hewa kama safari ni ndefu. Ukiwafungia kwenye ndoo kabla hawajakauka vizuri watapata ukungu. Kwa ndege ni kinyume chake: ndoo, mfuniko, gundi, halafu nguo pande zote, maana abiria wenzako nao wana pua. Na kama unanunua magunia kwa ajili ya kuuza, hiyo tena ni biashara, pita ofisi ya uvuvi kwanza uulize vibali na ushuru.

Wifi yangu ameniagiza tena, kilo tano, wa chanja, na ametuma hela kabla sijamjibu. Juzi usiku nilitoka nje kumwangalia mwezi. Ulikuwa mkubwa na mweupe, ziwa lote linaonekana na hakuna taa hata moja. Nimemwambia asubiri wiki mbili.