Fukua barua pepe zako za enzi za modemu kabla hazijafutwa

Wenzangu mliokuwa mkipanga foleni kwenye kafe za intaneti mjini Moshi mwanzoni mwa miaka ya 2000, barua pepe zenu za wakati ule ziko wapi? Kulalamika kwamba raha ya zamani imeisha, tunalalamika sote. Wa kwenda kuangalia kilichobaki ndio wachache.

Nani anaikumbuka kwa wema modemu, kile kidude cha kuingilia intaneti kwa laini ya simu ya mezani? Ile bora kabisa ilikuwa ya kilobiti 56 kwa sekunde, na laini zetu za simu hazikufika huko, hasa masika. Picha moja ya simu ya leo, megabaiti tatu hivi, ingekula dakika saba na zaidi, na mtu akinyanyua mkonga wa simu chumba cha pili unaanza upya. Kafe nzima iligawana waya mmoja. Ukisikia mwenye kafe anafoka, "Nani anashusha muziki huko?", ujue kurasa za wote zimeganda, na saa yako ya kulipia inaendelea kuhesabu.

Kwa kuwa dakika zililipiwa, tulikuja tumejiandaa. Mimi barua niliziandika nyumbani kwenye kaunta buku, nikifika kafe nachapa tu mbiombio. Ndiyo maana zile zilikuwa barua kweli: salamu za wazazi, msiba wa jirani, bei ya kahawa, nani kaolewa, na swali ambalo jibu lake utalingoja wiki nzima. Hicho ndicho tunachokikosa, na kwa bahati kipo mahali.

Kama ulitumia Yahoo, ingia leo, maana sanduku lisilofunguliwa kwa miezi 12 linaweza kufutwa. Google husubiri miaka miwili. Ukisahau neno la siri utaulizwa namba ya simu uliyoandikisha, na laini nyingi za enzi zile zilishakufa, kwa hiyo jaribu kwanza maneno yote uliyokuwa ukiyapenda ujanani. Ukifanikiwa, usianze kusoma. Kutakucha umekaa hapo hapo. Shusha zote kwa programu ya barua kama Thunderbird, ni ya bure, kisha zinakili kwenye folda za kompyuta yenyewe na kwenye flashi.

Soga za Yahoo Messenger usizitafute kwao, huduma ilifungwa Julai 2018. Ukurasa wa GeoCities, ile huduma ya kujitengenezea tovuti bure, una nafuu kidogo: ilifungwa 2009, lakini watu wa kujitolea walikuwa wameshanakili sehemu kubwa. Andika anwani yake kamili kwenye Wayback Machine, tovuti inayotunza nakala za kurasa za zamani, uone.

Flopi je, zile diski bapa za kuhifadhia kabla ya flashi? Zile za megabaiti 1.44 bado zinasomeka kwa kisomeo cha USB, ila kabla ya kuichomeka, sogeza kile kibati chake pembeni uichungulie kwenye mwanga. Ukiona madoa meupe ni ukungu. Usiiingize, itachafua kisomeo na kuziharibu nyingine.

Halafu waandikie watu wenyewe, mmoja mmoja. Dada mmoja tuliyekuwa tukichati, siku hizi yuko Arusha, nilimrudishia barua yake ya mwaka 2002. Akajibu usiku uleule: "Mungu wangu, kumbe nilikuwa mbea hivi?" Tangu hapo tunaandikiana, tena barua ndefu. Kishawishi cha kufungua kundi la WhatsApp kitakuja, kikatae. Siku ya pili limejaa maua ya "asubuhi njema" na michango ya harusi.

Na barua zenye siri za wengine zibaki kwako hadi mwenyewe aridhie. Watu wameoa, wameolewa, na yule aliyejiita Sweetboy huenda sasa ni mzee wa kanisa.