Maswali ya wauza maua: duka, simu, na ndoo moja

Barua za wauza maua zimejaa meza yangu na nyingi zinalia kilio kimoja, yani duka lipo, oda za mtandaoni zinaingia, na maua ni yale yale. Nimeamua safari hii niwajibu pamoja.

SWALI: Shangazi shikamoo. Nina duka dogo la maua, tuko mimi na msaidizi mmoja, na juzi juzi tumeanza kupokea oda mtandaoni. Mtu anaagiza usiku shada la mawaridi ya pichi, nikifungua asubuhi nakuta msaidizi alishayauza jana jioni kwa mteja aliyepita tu njiani. Nikimpigia yule wa usiku ananuna, anataka hela yake. Je ninunue stoku mbili, ya duka peke yake na ya mtandaoni peke yake?

Marahaba mwanangu. Stoku mbili usinunue. Ua lililokatwa lina siku chache za kuuzika, ukiligawa mafungu mawili unajikuta huku umekwama na mawaridi yanainamisha shingo na huku mteja unamwambia yameisha, yani unatupa na unakosa kuuza siku hiyo hiyo.

Mimi naona shida yako haiko kwenye ndoo, iko kwenye ulichoandika pale mtandaoni. Umeandika "mawaridi ya pichi 15" na mteja kakushikia hapo hapo, na ana haki. Sasa badilisha, uza rangi na ukubwa. Andika "Shada la rangi za machweo, saizi ya kati", na chini yake hapo hapo, sio kwenye ukurasa wa masharti ambao hamna mtu anausoma, useme kwamba maua tunachagua yale yaliyo mazuri siku hiyo ila rangi na ukubwa ni kama unavyoona. Hapo leo utaweka waridi la pichi, kesho gerbera la chungwa na alstromeria, na mteja hajadanganywa maana alichonunua ni machweo na machweo kapata.

Kila shada liwe na karatasi yake ya vipimo ukutani, kwamba maua makubwa mangapi, ya kusindikiza mangapi, majani ya kujazia kiasi gani, ili hata ukiwa hupo msaidizi asitoe kubwa leo na dogo kesho kwa bei moja. Na ukibadilisha ua, vitu vitatu usivichezee, rangi, umbo la shada na thamani. Thamani ikipanda kidogo nyamaza, ikishuka piga simu.

Kuna wachache lazima wapate ua lenyewe, yule anayetaka mawaridi mekundu hasa, au familia inayosema marehemu alipenda maua fulani. Kwa hao tenga ndoo ukaifunge utepe, msaidizi ajue yenye utepe haiuzwi mlangoni, na idadi unayoonyesha mtandaoni iwe pungufu kuliko iliyomo, kama una 40 onyesha 30. Yale 10 ya ziada yatakuokoa maana kuna yanayovunjika na kuna ambayo hayafunguki. Kama unaweza kupata programu inayounganisha mashine ya kuuzia dukani na websaiti yako, vizuri sana, ila kama hela haijafika hapo basi kabla ya kufunga duka hesabuni ndoo na mzime mtandaoni kile kilichoisha. Inatosha kabisa kwa duka la watu wawili.

Na weka saa ya mwisho ya oda za siku hiyo. Usiitoe kichwani, anza na muda ambao gari la delivari linaondoka, rudi nyuma muda wa kufunga mashada, rudi tena muda wa kuchagua na kusafisha mashina, hapo ndo saa yako.

SWALI: Dada habari za kazi. Bei ya mtandaoni iwe sawa na ya dukani au niongeze? Wenzangu wananiambia niongeze, mwingine ananiambia nishushe maana mtandaoni watu wanalinganisha.

Salama mwenzangu. Ua liwe bei moja, delivari iwe pembeni na ionekane mapema, sio mtu afike mwisho wa kulipa ndo anakutana nayo. Mteja wako wa dukani ana simu mkononi, akiona kule ni tofauti atakuuliza mbele za watu.

Ila kabla ya kubishana juu au chini nkuulize, bei yako ya sasa umeipataje? Maana wengi wanagawa bei ya fungu kwa idadi ya mashina basi. Tuseme umenunua mashina 100 kwa 100, unasema shina moja ni 1. Lakini ukitupa 20, yaliyovunjika, yaliyochoka, yale uliyobaki nayo Jumatatu, yaliyouzwa ni 80 na hayo 80 ndo yanabeba ile 100, kwa hiyo shina moja limekugharimu 1.25 na wewe unauza kama limekugharimu 1. Andika unachotupa kila wiki, kwenye daftari la kawaida tu, utashtuka. Alafu weka karatasi ya kufungia, utepe, kadi, chakula cha maua, na dakika zako za kufunga, maana mikono yako nayo ni gharama hata kama hujilipi. Kuna kanuni ya kale kwenye biashara hii ya kuzidisha bei ya jumla mara 3 au zaidi kidogo kwa maua mabichi, ni pa kuanzia tu, isikufunge, lakini kama wewe unazidisha mara moja na nusu basi jua unafanya kazi ya kujitolea.

Kitu kimoja cha mtandaoni watu wanakisahau, makato ya malipo kwa kawaida yanakatwa kwenye jumla yote, pamoja na ile hela ya delivari ambayo wewe hubaki nayo. Kwa hiyo delivari iliyowekwa sawa sawa na nauli ya dereva ni hasara ndogo ndogo kila oda.

Na picha jamani! Unapiga picha shada la mashina 30 alafu bei iliyoandikwa pale ni ya saizi ndogo. Piga picha saizi ile ile ya bei ile, mchana, karibu na dirisha, taa za dukani zimezimwa maana zinageuza pichi kuwa njano. Malalamiko mengi ninayotumiwa na wateja wa maua mzizi wake ni picha.

SWALI: Shangazi, friji ya kawaida ya nyumbani inafaa kuhifadhia maua?

Kwa dharura ya usiku mmoja sawa, kwa biashara hapana. Hewa yake ni kavu inanyonya maji ya petali, na humo ndani kuna matunda. Matunda yanayoiva yanatoa gesi inaitwa ethilini, huioni wala huisikii harufu, ila ua kama kanesheni likikutana nayo linajikunja kama limelala na haliamki tena. Hata nyuma ya duka usiweke matunda yako karibu na ndoo.

Ukipata friji ya maua, mawaridi, kanesheni na wengi wa aina hiyo wanapenda digrii 1 hadi 4. Ila anthuriamu, heliconia na okidi za nchi za joto usizitie humo, zinaungua kwa baridi na kuwa nyeusi, hizo ziache pa ubaridi wa kawaida, digrii 13 na kuendelea. Na hakuna friji itakayookoa ndoo chafu, bakteria wanaziba mirija ya shina na ua linakufa kwa kiu huku limesimama ndani ya maji. Osha ndoo kwa dawa ya kuulia vijidudu, toa majani yote yanayozama, kata shina kama sentimita 2 kwa mshazari kwa kisu kikali, basi. Gerbera mpe maji kidogo tu, shina lake lina vinyweleo linaoza haraka.

SWALI: Dada, kuna websaiti kubwa ya maua imenifuata, wao wanachukua oda kwa wateja alafu mimi natengeneza na kupeleka, wanakata asilimia yao. Nikubali? Oda zangu mwenyewe bado ni chache.

Hii biashara ya kupokezana oda sio mpya, mwaka 1910 wauza maua kadhaa wa Marekani walikubaliana kutumiana oda kwa telegrafu, ndo chanzo cha FTD ya leo, mtandao wa wauza maua wa kupokezana oda, na wazo lilikuwa zuri, muuza maua wa mji huu anapokea hela, wa mji ule anatengeneza, wote wana duka na wote wanajua ua. Siku hizi aliyeko mbele mara nyingi hana hata ndoo, ana picha na matangazo.

Kaa chini na hesabu. Mteja kalipa 100 kaona shada la 100. Kama wewe ukishakatwa unafikiwa na 70, na humo humo kuna delivari, shada utakalotoa ni la ngapi? Ukitoa la 100 umekula hasara, ukitoa la 60 mpokeaji anaona shada dogo limeletwa na gari lako, na lawama hazitafika kwa websaiti, zitafika mlangoni kwako.

Mi sikukatazi. Siku za katikati ya wiki ambapo ndoo zimejaa na duka limelala, oda ya namna hiyo inatembeza maua ambayo ungeyatupa, chukua. Ila kabla ya kusaini uliza mambo haya, je unaruhusiwa kukataa oda, je siku za sikukuu unaweza kujizima, nani anamrudishia mteja hela akilalamika, na je unaweza kuweka kadi yenye jina la duka lako ndani ya shada. Wakikujibu kwa kuzunguka zunguka, achana nao. Na usiwape picha zako bure.

SWALI: Habari dada. Mteja ananunua mtandaoni anasema ni sapraizi nisimpigie mpokeaji. Tunafika, hamna mtu. Mnunuzi naye hapokei simu. Shada linarudi dukani limechoka. Nani alipe?

Alipe mnunuzi, lakini tu kama ulimwambia kabla ya kulipa. Maua yana wateja wawili, mmoja kalipa na hajaliona, mwingine kaliona na hajalipa, na wewe uko katikati. Kwa hiyo kwenye fomu ya oda namba ya mpokeaji iwe lazima, na uandike kwamba hatutampigia isipokuwa tukimkosa. Ukipiga usiseme kaka yako kakutumia maua, sema tu una mzigo wake, upo saa ngapi. Safari ya pili ina malipo yake, iandikwe. Ukimwachia jirani au mlinzi, dereva apige picha ya shada pale lilipoachwa, mlango uonekane, sura ya mtu isionekane, hiyo picha mtumie mnunuzi hapo hapo, na ndo ushahidi wako siku mtu akidai benki imrudishie hela eti hakupokea kitu.

Siri za watu zitunze. Kadi isiyo na jina la aliyetuma ibaki hivyo hivyo hata mpokeaji akikupigia akikubembeleza, mwambie utamuuliza mtumaji kama anaridhia. Na usiposti kwenye Instagram shada huku kadi inasomeka, nimeona hiyo, ndoa za watu zinatikisika.

Viwili vya haraka hapa hapa. Oda ya hospitali, piga simu wodini kwanza, wodi za wagonjwa mahututi nyingi haziruhusu maua. Na maua ya lili, andika wazi kwenye maelezo yake kwamba ni sumu kwa paka, yanaua figo zake, hata chavua hata maji ya kwenye chombo.

SWALI: Shangazi, 14 Februari iliyopita tulizidiwa, oda zilifika usiku, watu wakatutukana. Mwaka huu nifunge mtandao siku hiyo?

Usifunge siku hiyo, funga idadi. Duka linazidiwa mikono na gari kabla halijaishiwa maua. Hesabu mashada mangapi mnaweza kufunga kwa saa moja bila kuharibu, zidisha kwa saa zenu za kazi siku hiyo, na gari linaweza kufika nyumba ngapi kwa siku, chukua ile ndogo kati ya hizo mbili, toa kidogo kwa ajili ya wale wa kuingia mlangoni, ikifika hapo websaiti iseme imejaa. Inauma kukataa hela, najua.

Siku hizo punguza na orodha, mashada yako 20 ya kawaida yafiche ubaki na 4 au 5 ambayo msaidizi anayafunga macho yamefumba. Oda za mapema zipe zawadi ndogo ili zije mapema kweli, maana bei ya jumla ya mawaridi inapanda siku ikikaribia na wewe ukijua idadi mapema unaagiza mapema. Muda wa kufikisha usiahidi saa kamili, ahidi asubuhi au mchana, na kwa oda za ofisini hakikisha zinatangulia kabla watu hawajatoka kazini.

Na Siku ya Mama angalia kalenda vizuri kwa sababu sasa unauza mtandaoni na mnunuzi anaweza kuwa popote. Uingereza inaangukia Jumapili ya nne ya Kwaresima, Marekani ni Jumapili ya pili ya Mei. Mtoto yuko nchi moja, mama yuko nyingine, ukipata oda imeandikwa "Siku ya Mama" bila tarehe usikisie, muulize tarehe.