Ng'ombe anakohoa: je, maziwa ya mgando ni salama?

Swali: Assalaam alaykum daktari. Niko Ganda, Malindi. Ng'ombe wangu anakohoa mwezi wa pili sasa, tena anakonda ilhali anakula. Ng'ombe wa jirani, aliyekuwa akila malisho pamoja naye, alichinjwa, na mkaguzi wa nyama akayatupa mapafu yake akisema ni TB. Mimi maziwa huyagandisha kwanza. Uchachu si unaua vijidudu? Na je, nimpe dawa za TB za watu?

Jibu: Wa alaykum salaam, dada yangu. Uchachu hauviui. Kijidudu cha TB ya ng'ombe kina ganda la nta linalostahimili asidi. Dawa yake ni moto. Viwandani maziwa hupashwa nyuzi 72 kwa sekunde 15. Wewe jikoni yaache yachemke mpaka yapande, yapoe, ndipo uyatie mbegu ya mgando. Hapa ndipo wengi huteleza: maziwa yamechemshwa vizuri, kisha kijiko cha mbegu kinachotwa kwenye kibuyu cha jana kilichogandishwa mabichi, na vijidudu vinarudi. Mbegu ya kwanza itoe kwenye paketi ya mala ya dukani.

Hayo ni kwa ng'ombe wazima. Maziwa ya huyu usiuze, usinywe, wala usimwagie paka, mpaka apimwe. Mtenge, hata na mbuzi.

Kikohozi kina sababu nyingine pia, kwa hiyo mwite daktari wa mifugo. Atanyoa sehemu mbili shingoni, apime unene wa ngozi, adunge tuberkulini, yaani dawa ya kupimia TB, mililita 0.1 kila sehemu: moja ya TB ya ng'ombe, moja ya TB ya ndege, tusije tukadanganywa na vijidudu vya jamii hiyohiyo. Husomwa baada ya saa 72. Usikubali majibu ya siku hiyohiyo. Uvimbe wa upande wa ng'ombe ukiuzidi wa ndege kwa zaidi ya milimita 4, anayo. Kama amezaa karibuni, mwambie, maana kipimo huweza kuuficha ugonjwa.

Dawa za watu usimpe. Ni za miezi, atazidi kuambukiza wengine, na mojawapo, pirazinamidi, haikidhuru kijidudu hiki. Ikithibitika, ni kumchinja mbele ya mkaguzi. Inaniuma kukuandikia hivyo. Najua ng'ombe wa maziwa ndiye karo ya watoto.

Na hao watoto, nakusihi: mwenye tezi zilizovimba shingoni, au yeyote nyumbani anayekohoa zaidi ya wiki mbili, aende hospitali, na mseme wazi kuwa mmekunywa maziwa ya ng'ombe anayeshukiwa TB. Wakijua hilo, watachagua dawa zinazofaa.