Swali la lugha: Kima aliona, aling'amua au aliamua?

SWALI: Natafsiri makala ya sayansi kwa wanafunzi wa sekondari kuhusu utafiti wa William Newsome na wenzake, juu ya namna ubongo unavyoona kitu na kukiamulia. Nimeandika: "Mtazamo wa nyani ulifanywa na neva zake, kisha ubongo ukafanya maamuzi." Mwenzangu anasema sentensi hiyo haieleweki. Kosa liko wapi, na nitumie maneno gani?

JIBU: Mwenzako amesema kweli. Lakini kabla ya kushika kamusi, tulitazame jaribio lenyewe, maana ndilo linaloonyesha maneno gani yanafaa na yapi hayafai.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1989, Newsome, Kenneth Britten na Anthony Movshon walimwonyesha kima skrini yenye nukta nyingi zinazochezacheza. Baadhi ya nukta huenda pamoja upande mmoja, zilizobaki huruka ovyo. Kima hukaza macho kwenye alama ya katikati, nukta huonyeshwa kwa sekunde 2, kisha huzimwa. Hapo hutupa jicho kwenye moja ya alama mbili, kuonyesha nukta zilikwenda upande upi. Akipatia, hupewa kinywaji kidogo. Ugumu hupimwa kwa asilimia ya nukta zinazokwenda pamoja: kwa asilimia 51.2 kazi ni nyepesi, kwa 12.8 inataka uangalifu, kwa 3.2 inakaribia kuwa ya kubahatisha. Watafiti hutumia pia asilimia 0, ambapo nukta zote zinaruka ovyo na zawadi hutolewa bila kufuata upande aliouchagua.

Hiyo asilimia 0 ndiyo muhimu kwa swali lako. Hakuna mwelekeo wowote wa kung'amua, na bado kima anaamua: anatupa jicho kulia au kushoto. Kwa hiyo kung'amua ni jambo moja na kuamua ni jambo jingine, na mfasiri anayetumia neno moja kwa yote mawili atakwama akifika kwenye sehemu hii ya makala. Vilevile, kwa asilimia 0 usiandike kwamba kima "alikosea", kwa kuwa jibu sahihi halipo. Andika tu kwamba "alichagua kulia".

Sasa "mtazamo". Kwa msomaji wa Kiswahili, mtazamo ni maoni au msimamo: mtazamo wa chama, mtazamo wa mwandishi. Mwanafunzi ataelewa kwamba kima alikuwa na maoni kuhusu nukta. "Hisia" nayo itampeleka kwenye furaha, huzuni na hasira. Ukitaka uwezo wa kuona, kusikia, kunusa, kuonja na kugusa, sema hisi, au milango ya fahamu kama wanavyofundishwa darasani. Hisi ndiyo inayopokea mwanga wa nukta. Kuelewa kwamba nukta zinakwenda kulia ni hatua nyingine, na hapo kitenzi kizuri ni kung'amua au kubaini. "Utambuzi" si kosa, ila neno hilo limeshabebeshwa mzigo mkubwa, kuanzia utambuzi wa magonjwa hadi utambuzi wa wapiga kura. Nomino ung'amuzi ipo na inafaa, ingawa wanafunzi wa fasihi wanaijua zaidi kupitia ung'amuzibwete, kwa maana iliyo karibu na fahamu za ndani ya mtu. Ndiyo maana napendelea kitenzi popote kinapowezekana: "kima aling'amua mwelekeo" ni nyepesi na haina utata. Angalia pia usichanganye kubaini na kubainisha. Kima hubaini mwelekeo; watafiti ndio wanaobainisha, yaani wanaouweka ukweli wazi kwa wengine.

Kosa kubwa zaidi liko kwenye "kisha ubongo ukafanya". Kiambishi -ka- hupanga matukio: hili likaisha, lile likafuata. Ukiandika "aliona, akang'amua, akaamua", umedai kwamba kila hatua ilimalizika kabla ya inayofuata kuanza. Vipimo havisemi hivyo. Michael Shadlen na Newsome, katika kazi waliyoichapisha mwaka 2001, walipima seli za eneo liitwalo LIP, sehemu ya juu ya ubongo kuelekea kisogoni. Mapigo ya umeme ya seli hizo yalipanda polepole huku nukta zikiendelea kucheza, na yalipanda kwa kasi zaidi pale nukta nyingi zilipokwenda upande unaopendelewa na seli, yaani upande unaoiamsha seli hiyo zaidi. Ishara ya uamuzi ilikuwa inajengeka wakati kuona kunaendelea. Kiswahili kina vifaa vya kueleza hali hiyo: huku, kadiri, na kiambishi -ki-. Iache -ka- kwa tendo la mwisho, la kutupa jicho, ambalo kweli hufuata.

Na ni nani mtendaji? "Ulifanywa na neva" inadai kisababishi, na dai hilo lina viwango. Mwaka 1989 watafiti walionyesha kwamba seli moja moja za eneo la MT, linaloshughulikia mwendo wa vitu, ziliweza kutofautisha pande mbili karibu sawa na kima mwenyewe. Hapo sema mapigo ya seli yaliambatana na majibu ya kima, au yalilingana nayo, usivuke hapo. Mwaka 1990 Daniel Salzman, Britten na Newsome walikwenda mbele: walisisimua seli za MT kwa mkondo mdogo mno wa umeme, maikroampea 10, na kima akaelemea kuchagua upande unaopendelewa na seli hizo. Sasa una haki ya kuandika "ulibadilisha" au "ulisababisha". LIP haijapata haki hiyo kwa urahisi. Mwaka 2016 Leor Katz na wenzake huko Texas walizima seli za LIP kwa dawa ya muskimoli na uamuzi wa kima haukuathirika kwa kiasi cha maana. Walipozima MT, uliharibika sana. Kwa hiyo "LIP ndiyo inayoamua" ni sentensi yenye sarufi safi na sayansi mbovu. Tena, usiite seli hizi "neva". Neva ni fungu la nyuzi nyingi. Kilichopimwa ni seli neva moja moja.

"Kufanya maamuzi" limezoeleka ofisini na redioni, lakini kima wetu ametupa jicho mara moja: huo ni uamuzi, umoja, wenye upatanisho wa u-. Maamuzi ni wingi, tena yachukue ya-, si "maamuzi huu". Kitenzi "kuamua" peke yake kinatosha. Ukitaka kuonyesha ule wakati ambapo kusita kumekwisha, Kiswahili kina kukata shauri, na sioni neno linaloikaa nafasi hiyo vizuri zaidi.

Nyani nalo libadilishe. Nyani ni yule mkubwa mwenye mdomo mrefu anayevamia mashamba ya mahindi. Wanyama wa majaribio haya ni makaki, jamii ya kima kutoka Asia. Tumbili pia siye.

Sentensi yako naiandika hivi:

"Kima aliziona nukta na kung'amua zilikoelekea. Kadiri nukta nyingi zilivyokwenda upande mmoja, ndivyo mapigo ya seli neva zinazopendelea upande huo yalivyopanda, huku yeye akiendelea kutazama. Nukta zilipozimwa, akatupa jicho upande aliouamua."

Jambo moja kuhusu nukta: kwa wasemaji wengine, hasa wazee, nukta pia ni sekunde. Ukiandika "nukta 2", mmoja ataona vidoa viwili na mwingine atasoma muda. Muda wote katika makala uandike kwa sekunde.