Mwalimu, mkeo ameikosea nini sayansi?

"Shangazi, mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Tanga. Jioni ya Ramadhani 29 simu yangu ilionyesha kwamba mwezi mpya umeshazaliwa, lakini tangazo la kuandama halikutoka, na mke wangu, aliyeishia darasa la saba, akafunga siku ya 30. Nilikunywa chai mchana mbele yake na mama yake ili nimwelimishe. Mama mkwe amerudi Pangani kwa hasira, na mke wangu amenuna. Nifanyeje na mtu asiyeiamini sayansi?"

Pole kwa kununiwa, mwanangu, ila pole yangu inaishia hapo, kwa kuwa katika kisa hiki aliyeikosea sayansi ni wewe unayeifundisha. Simu ilikueleza saa ambayo mwezi ulipita kati ya dunia na jua, na hesabu hiyo ni ya kuaminika, maana kutoka mwezi mpya hadi mwingine huwa ni wastani wa siku 29, saa 12 na dakika 44. Kuonekana ni jambo jingine. Mwezi wenye saa chache tu ni mwembamba mno, huzama karibu pamoja na jua, na sisi wa Tanga huutafuta upande wa bara, kwenye milima ya Usambara, ambako mawingu hayakosekani. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliagiza tufunge kwa kuuona na tufungue kwa kuuona, na ukifichika tukamilishe siku 30. Mkeo alitii agizo hilo. Al-Khwarizmi, bingwa wa aljebra, alikokotoa majedwali ya kuonekana kwa mwezi mwandamo huko Baghdad katika karne ya 9, na kazi hiyo haikumfanya amdharau aliyetoka nje kuutazama kwa macho.

Barua yako imefichua usilotaka kulisema. Hukuandika popote kwamba mkeo alikukataza kula au alikujibu vibaya, lakini darasa la saba hukulisahau. Siku hizi naona ndoa nyingi ambamo cheti kimegeuzwa fimbo ya kumchapia mwenzako, hata mbele ya mzazi wake. Heshima si utumwa, mwanangu.

Nenda Pangani kwa miguu yako, usitume ujumbe wa simu, umwombe radhi mama mkwe. Ramadhani ijayo, jioni ya siku ya 29, toka na mkeo mpaka mahali palipo wazi upande wa magharibi, umwonyeshe jua linapozamia, kisha muutafute mwezi pamoja.